Mnatuambia Tujiajiri, Halafu Mnatutoza Hadi Kitufe



Kuna wimbo ambao kila kiongozi wa CCM akipewa maiki mbele ya vijana lazima auimbe. Una beti mbili tu. Ubeti wa kwanza: vijana acheni kushinda vijiweni na kwenye mabanda ya gemu, fanyeni kazi. Ubeti wa pili: ajira serikalini hazitoshi, jiajirini, kuweni wabunifu. Makofi yanapigwa, picha zinapigwa, msafara unaondoka na vumbi lake, sisi tunabaki na wimbo.

Leo naujibu wimbo huo kwa kitu kidogo sana: pedi ya gemu. Ile ya kushika mkononi unapocheza mpira kwenye skrini, yenye vitufe na vijiti viwili. Nimetengeneza moja mwenyewe, kuanzia mchoro kwenye daftari mpaka programu inayoiendesha. Na kazi ile imenionyesha namna nchi hii inavyowatendea vijana wake kuliko hotuba kumi za bajeti.

Najua wapo watakaoguna. Watu wanatekwa, bei zinapanda, wewe unatuletea habari za gemu? Vumilia kidogo kamanda, soma mpaka mwisho. Ninachozungumzia ni kazi, ulemavu, kodi na hela ya umma. Gemu ni mlango tu wa kuingilia.

Kwa nini pedi, na ya nani

Mtaani kwetu kuna dogo ambaye miaka miwili iliyopita alikuwa hafungiki kwenye banda la gemu. Alikuwa anafanya kibarua kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Hakuwa na mkataba wala kitambulisho cha kazi, jina lake lilikuwa kwenye daftari la msimamizi tu. Siku moja mashine ikamla vidole vinne vya mkono wa kulia. Akapelekwa hospitali, akafungwa bendeji, akapewa nauli ya kurudi nyumbani. Ndiyo ikawa imeisha.

Sasa tuelewane. Nchi hii ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi tangu 2008, na ina mfuko wa fidia ambao kila mwajiri anapaswa kuuchangia. Ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kwenye makaratasi dogo analindwa kushoto na kulia. Kwenye maisha yake, alirudi kukaa kwenye benchi la banda kuangalia wenzake wakicheza, kwa sababu pedi ya dukani imetengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili na vidole kumi.

Pedi za watu wenye ulemavu zipo duniani. Microsoft walitoa ya kwao mwaka 2018 kwa dola 99.99, ina matundu 19 nyuma ya kuchomekea swichi za nje. Sony wakafuata Desemba 2023 kwa dola 89.99. Ni kazi nzuri, siwabezi. Lakini dola 100 ni zaidi ya shilingi laki mbili kabla hujalipa usafiri wala forodha, na dogo hakuwa hata na hela ya dawa ya kidonda. Kwa hiyo nikamwambia, tulia, tutaitengeneza hapahapa.

Pedi ni nini hasa

Watu wengi wanadhani ndani ya pedi kuna uchawi wa Wajapani. Hakuna. Fungua moja iliyokufa uone: vitufe, swichi, waya, na chipu moja.

Kazi ya chipu ni kuuliza swali moja mara nyingi sana: kitufe hiki kimebonyezwa au hakijabonyezwa? Kila kitufe kina waya unaokwenda kwenye mguu mmoja wa chipu na waya mwingine unaokwenda kwenye hasi. Hujabonyeza, chipu inasoma 1. Umebonyeza, inasoma 0. Basi. Bodi ninayotumia, Raspberry Pi Pico, ilitoka Januari 2021 kwa bei ya dola 4, ina miguu 26 ya kuchomekea vitu vya namna hiyo. Vitufe vyote vya pedi ya gemu vinaenea na nafasi inabaki.

Kijiti nacho ni sauti ya redio tu. Fundi redio yeyote anakijua kile kitufe cha kuzungusha kuongeza na kupunguza sauti. Chini ya kila kijiti vipo viwili vya aina hiyo, kimoja kwa kulia na kushoto, kingine kwa juu na chini. Ukisogeza kijiti, umeme unapanda au unashuka, chipu inapima. Wale mnaolalamika kwamba mchezaji wako anakimbia mwenyewe hujamgusa, hilo ndilo tatizo: utepe wa ndani umelika. Ndiyo maana siku hizi wengine wanatumia sumaku, ambazo hazisuguani.

Halafu kuna jambo ambalo huwezi kulijua mpaka ulikute. Ukibonyeza swichi, vyuma vya ndani havigusani mara moja na kutulia. Vinadunda kama mpira, kwa muda mfupi sana, sehemu ndogo ya sekunde. Wewe umebonyeza mara moja, chipu inahesabu mara tano. Mchezaji anapiga pasi mbili wakati umeomba moja. Dawa yake ni mistari michache ya programu inayoiambia chipu: ukiona mabadiliko, subiri milisekunde 5, angalia tena, ndiyo uamini. Michezo mingi inachora picha 60 kwa sekunde, yaani picha moja inachukua karibu milisekunde 17, kwa hiyo kusubiri 5 mchezaji hahisi kitu.

Ukishamaliza hayo, unachomeka waya wa USB kwenye kompyuta. Kompyuta inauliza: wewe nani? Bodi inajibu: mimi ni pedi, nina vitufe 12 na mihimili miwili. Mazungumzo hayo yana kanuni iliyoandikwa wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Ndiyo maana bodi ya dola 4 inaweza kukaa meza moja na kifaa cha kampuni kubwa. Kompyuta inaikubali, simu ya Android inaikubali. Mashine mpya za PlayStation haziikubali, kwa sababu kampuni imeweka kufuli lake, na hilo ni somo jingine kwa wale wanaosema soko huria litatukomboa.

Pedi ya dogo haifanani na pedi. Ni kipande cha plaiwudi kinachokaa mezani. Upande wa kushoto kuna kijiti kimoja na vitufe sita vimepangwa kwa kufuata mkono wake. Nilimwambia aweke kiganja juu ya karatasi, nikachora vidole kimoja kimoja, mahali kila kidole kilipofika kwa raha ndipo nilipotoboa. Upande wa kulia kuna vitufe viwili vipana vya kugonga kwa kiganja, kwa sababu kiganja anacho na kina nguvu. Chini ya meza kuna kikanyagio cha mbao na bawaba ya mlango, kama cha cherehani, chenye swichi chini yake. Hicho ndicho cha kukimbilia. Mguu wake unakimbia kweli.

Sasa niambieni. Kuchora, kupima mwili wa mtumiaji, kutoboa, kulehemu, kuelewa umeme, kuandika programu, kujaribu, kurekebisha. Badilisha vitufe, na hicho ni kibao cha kuendeshea pampu ya umwagiliaji. Badilisha tena, ni kibao cha mashine ya kukoboa mpunga. Kijana anayeweza kutengeneza pedi anaweza kukaa kwenye karakana ya kiwanda chochote na kuelewa kinachoendelea. Halafu mheshimiwa anasimama jukwaani anasema gemu ni uvivu.

Bei ya kitufe

Bodi ya dola 4 haikunifikia kwa dola 4. Niliagiza pamoja na vijiti na waya, mzigo mdogo unaoenea kwenye bahasha. Wakala aliyeupokea akauandika "vifaa vya kuchezea watoto". Nikamwambia kaka, hivi ni vifaa vya elektroniki, vya kutengenezea kitu. Akaniangalia kama mtu anayesumbua foleni. Kikaandikwa hivyohivyo, nikalipa hivyohivyo.

Hapa lazima tuelewe mfumo, tusiishie kulalamika. Ushuru wa forodha tunaotumia ni wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Una makundi: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 kuna kundi la nne la asilimia 35. Juu ya hapo inakuja VAT, ambayo kwa bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na haihesabiwi kwenye bei uliyonunulia tu, inahesabiwa kwenye bei pamoja na ushuru.

Tupige hesabu. Mzigo wenye thamani ya shilingi 100,000 ukiwekwa kwenye kundi la asilimia 25 unakuwa 125,000. VAT ya asilimia 18 hapo ni 22,500. Jumla 147,500, na bado kuna tozo ndogondogo na wakala anataka chake. Karibu nusu ya thamani umeiacha mezani kabla hujawasha pasi ya kulehemu.

Angalia mantiki yenyewe. Kundi la asilimia 0 lipo kwa ajili ya malighafi na mitambo. Mwenye kiwanda kikubwa anaagiza kontena, ana mhasibu, ana mwanasheria, anajua kila namba ya forodha, anaomba msamaha anaupata. Kwa fundi wa mtaani kitufe ni malighafi. Pasi ya kulehemu ni mtambo. Lakini yeye anaagiza kimoja kimoja, hana wakili, kwa hiyo anahesabiwa kama mtu aliyemnunulia mtoto zawadi ya Krismasi. Tajiri anaingiza malighafi, sisi tunaingiza "midoli". Kitu kinaweza kuwa kilekile.

Na msiniambie serikali haijui kuondoa kodi kwenye vifaa vya teknolojia. Inajua. Mwaka 2021 iliondoa VAT kwenye simu janja, tableti na modemu. Mwaka 2022 ikairudisha. Huwezi kujenga ufundi kwa sera inayokaa mwaka mmoja. Mwaka huohuo wa 2021, kuanzia Julai 15, wakatuletea tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, mpaka nchi nzima ikapiga kelele na Septemba wakaipunguza kwa asilimia 30. Yaani kijana akituma hela Kariakoo apate waya na swichi, serikali ilikuwa imekaa katikati ya njia imenyoosha mkono.

Gemu wanayoipenda

Kuna aina moja ya mchezo ambayo serikali hii haioni kuwa ni uvivu. Ni kamari.

Pita mtaa wowote. Nje ya grosari kuna dubwi. Jirani na saluni kuna dubwi. Karibu na stendi kuna duka la kubeti limepakwa rangi vizuri kuliko zahanati ya kata. Kwa mchezo huo kuna sheria tangu 2003, kuna bodi nzima, kuna leseni, kuna kodi, kuna wakaguzi. Siku inapotaka mapato, serikali inajua kabisa kwamba kijana na mashine yenye vitufe ni uchumi.

Niwaambie kitu. Vitufe vya pedi ya dogo vimetoka kwenye dubwi. Chukua dubwi lililokufa, lifungue, utakuta vitufe vikubwa vya plastiki vyenye taa ndani na swichi imara chini yake, vimetengenezwa vipigwe ngumi usiku kucha visivunjike. Fundi anayenunua machuma chakavu aliniuzia vinane kwa bei ya mazungumzo. Swichi iliyokuwa inamnyonya kijana mia mbili mia mbili sasa inamtumikia kijana.

Ukitaka kumla kijana, mfumo una ofisi, fomu na mhuri tayari. Ukitaka kumfundisha kijana huyohuyo mashine ile inavyofanya kazi ndani, hakuna dirisha la kuulizia.

Hela ipo

Kila tukidai, jibu ni lilelile: serikali haina fedha za kumnunulia kila mtu bisibisi. Sawa. Tuzungumze fedha.

Kuna kitu kinaitwa tozo ya kuendeleza ujuzi. Waajiri wanailipa kwa kupigia hesabu mishahara ya wafanyakazi wao. Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Jina lake lenyewe linasema ni ya nini: ujuzi. Lakini mgawo uliowekwa kisheria uliipa VETA theluthi moja, theluthi mbili zikaenda hazina. Kwa hiyo mkiambiwa hakuna hela ya karakana, jueni kwamba tozo ya ujuzi inakusanywa kila mwezi na sehemu kubwa haijawahi kuona karakana.

Kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Iliwekwa kwenye sheria 2018. Aprili 2023 serikali ikaisimamisha kwa sababu fedha zilikuwa zinaishia kwenye vikundi hewa na hazirudi. Nani aliyepitisha vikundi hewa? Ni vijana wa mabanda ya gemu? Walioiba wakabaki ofisini, walioadhibiwa ni waliokuwa kwenye foleni. Ilivyorudi 2024 ilikuja na utaratibu mpya, na hapo kijana anatakiwa aanze upya kuzungushwa.

Kuna COSTECH tangu 1986. Kuna SIDO tangu 1973. Kuna mashindano ya MAKISATU tangu 2019, ambako wabunifu wanaitwa Dodoma, wanavaa fulana, wanapigwa picha na mgeni rasmi. Kuna mkakati wa uchumi wa kidijitali wa 2024 mpaka 2034, umepambwa vizuri. Siyabezi hayo yote, na wapo watumishi wa kweli humo ndani wanaopigana na ukata. Swali langu ni dogo: kijana wa kata yangu akitaka kushika pasi ya kulehemu leo mchana bila kuwa mwanafunzi wa chuo na bila barua ya mtendaji, aende wapi? Nitajie jengo. Taja siku na saa.

Mwalimu alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilia na shule zinazomtenga mtoto na kazi ya mikono. Wanaojiita warithi wake wameiacha hoja, wamebaki na picha yake ukutani.

"Lakini hiyo ni gemu tu"

Nijibu hoja ya mwisho, maana najua ipo, na ipo hata ndani ya chama chetu. Kwenye kikao kimoja cha kata nilipogusia jambo hili, mzee wangu mmoja ninayemheshimu sana akasema, mwanangu, hayo ni mambo ya watoto, tuletee hoja ya ajira. Nikamjibu kwa adabu, shikamoo mzee, hii ndiyo hoja ya ajira.

Bodi ile inapoulizwa na kompyuta "wewe nani", si lazima ijibu "mimi ni pedi". Ukibadilisha programu inajibu "mimi ni kibodi" au "mimi ni mausi". Mbao ni ileile, vitufe ni vilevile, kikanyagio ni kilekile. Dogo alicheza wiki tatu, akazoea, mkono wa kushoto ukapata akili. Wiki ya nne tukaibadilisha. Sasa vitufe vya kiganja ni kunakili na kubandika, kikanyagio ni kitufe cha mausi, kijiti kinasogeza mshale. Leo yuko kwenye steshenari ya mama mmoja pale barabarani: anachapa barua za maombi ya kazi, anatengeneza vipeperushi vya harusi na misiba, anajaza fomu za mtandaoni za watu. Analipwa kwa siku. Si hela nyingi. Lakini kiwanda kilichomla vidole kilimwambia hana kazi tena anayoiweza, na serikali yenye sheria ya asilimia 3 haikwenda kukiuliza kitu.

Kama angeanza na kibao cha kuchapia barua, angekata tamaa siku ya pili, maana kujifunza mkono mpya kunachosha. Alijifunza kwa sababu ilikuwa gemu, kwa sababu alitaka kumfunga jamaa yake aliyekuwa anamtania. Mabao ndiyo yaliyomfundisha mkono.

Wengine watasema: umesaidia mmoja, nchi ina watu milioni sitini na zaidi. Kweli kabisa. Ndiyo maana naandika hapa na sikuanzisha mchango wa kununua plaiwudi. Mtu mmoja mwenye pasi ya kulehemu si sera. Nikihama mtaa, mfumo wote wa huduma kwa dogo umehama na mimi. Kitufe kikivunjika nikiwa mkoani, yeye amerudi kwenye benchi. Tunaosifu "moyo wa kujitolea wa vijana" tuwe macho, kwa sababu CCM nao wanaupenda sana moyo huo: unawapunguzia kazi.

Tunachodai

Tusiishie kulia. Haya hapa madai, na naomba yaingie kwenye maoni ya vijana ya bajeti mbadala ya chama.

Kwanza, orodha ya vifaa vya kujifunzia na kutengenezea: bodi ndogo za programu, swichi, vijiti, vihisio, pasi za kulehemu, mita za kupimia umeme. Viondolewe VAT kwa kipindi kisichopungua miaka mitano, si mwaka mmoja wa majaribio. Upande wa ushuru, mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki hukaa kila mwaka kabla ya bajeti na nchi huomba kutoka kwenye viwango vya pamoja kwa bidhaa fulani. Kama tunaweza kuomba kwa ajili ya viwanda vya watu wachache, tuombe kwa ajili ya mafundi.

Pili, tozo ya ujuzi iende kwenye ujuzi. Kila kata iwe na chumba kimoja chenye meza, umeme, keekee, pasi ya kulehemu na kompyuta mbili, kifunguliwe jioni na Jumamosi. Majengo yapo. Ofisi ngapi za kata zinafungwa saa tisa na nusu?

Tatu, ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu iruhusiwe kulipia kifaa cha kazi kinachotengenezwa na fundi wa hapahapa, na ile asilimia 4 ya vijana imkopeshe fundi huyo. Hela izunguke ndani ya halmashauri.

Nne, kibarua ni mfanyakazi. Kiwanda kikikutwa na daftari la majina bila mikataba na bila mchango wa fidia, mwenye kiwanda aulizwe yeye, na asipewe zabuni ya umma mpaka alipe.

Na sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya madai. Chama kina ofisi, nyingine zimekaa tupu mpaka msimu wa kampeni. Tuweke meza moja kwenye kila ofisi ya jimbo yenye umeme. Kwenye kila jimbo kuna fundi redio mwenye kadi ya chama, na kuna kijana aliyesoma kompyuta na hana kazi. Wakae meza moja. Mwalike na wa CCM, pasi ya kulehemu haiulizi kadi.

Wiki hii nendeni halmashauri zenu, ombeni taarifa ya mikopo ya asilimia 10: vikundi vingapi vya watu wenye ulemavu vimepata, shilingi ngapi, kwa shughuli gani. Ni fedha za umma, mna haki ya kuuliza. Wakikuzungusha, andika jina la ofisi, tarehe na ulichojibiwa, leta kwa katibu wa vijana wa jimbo lako. Tukikusanya majibu ya majimbo kumi tu, diwani na mbunge wao watakuwa na kitu cha kujibu mbele ya wananchi.

Mchoro wa pedi ya dogo na programu yake natoa bure. Anayetaka kumtengenezea mtu wake aje, tutakaa naye mezani.